Wakili, mkulima na fundi lipu: jinsi kikosi cha akiba cha Glasgow kilivyoweza vita, na kwa nini kilivunjwa

Swali: Salaam, mtaalamu. Mimi ni fundi wa ndege ndogo hapa Arusha. Nimesikia kwamba ndege za kwanza za Kijerumani kuangushwa Uingereza mwaka 1939 ziliangushwa na marubani wa akiba: mmoja wakili, mwingine mkulima, mwingine fundi lipu. Mimi najua ndege inavyodai muda wa mtu. Hawa watu wa Jumamosi na Jumapili waliwezaje kupambana na jeshi la kudumu? Na kama waliweza, kwa nini vikosi vyao vilivunjwa mwaka 1957?

Jibu: Ndugu yangu, ulichosikia ni kweli, na umeligusa jambo lenyewe pale uliposema ndege inadai muda. Rubani mwenye ajira yake mjini ana saa ngapi za kuipa ndege, na ndege inamtaka saa ngapi? Kwa miaka kama thelathini hesabu hiyo ilikubali, tena kwa shida. Ilipokataa, vikosi vikavunjwa. Nitakujibu kwa kufuata kikosi kimoja kilichoshiriki tukio ulilolitaja: Kikosi namba 602 cha Jiji la Glasgow, Uskoti.

Baada ya Vita vya Kwanza vya Dunia, jeshi la anga la Uingereza lilipunguzwa sana. Mkuu wake, Hugh Trenchard, alitaka akiba yenye mizizi mijini, watu wa jiji moja wenye kikosi chao, uwanja wao na fahari yao. Wakubwa wengi walimpinga. Kurusha ndege, walisema, si kazi ya mtu anayeshinda ofisini wiki nzima. Hata hivyo sheria ilipitishwa mwaka 1924, ikaruhusu vikosi vya aina mbili. Vile vilivyopewa namba kuanzia 500 viliongozwa na maofisa wa kudumu, na ndani yake askari wa kudumu walichanganywa na raia. Vile vya kuanzia 600 vilikuwa vya raia karibu vyote, na hata kamanda alitoka miongoni mwao. 602 kilianzishwa tarehe 12 Septemba 1925 katika uwanja wa Renfrew, nje kidogo ya Glasgow, na ndicho kilichotangulia wenzake wote wa aina hiyo ya pili. Kilipewa ndege za DH.9A, mabaki ya vita iliyokwisha, na kazi ya kudondosha mabomu mchana.

Utaratibu wenyewe ulikuwa hivi. Jioni za wiki watu walikutana katika makao makuu ya kikosi mjini kwa masomo: injini, redio, bunduki, ramani. Jumamosi na Jumapili walikwenda uwanjani kuruka, hali ya hewa ya Uskoti ikiruhusu. Kila kiangazi walipiga kambi ya wiki mbili, wakaishi kama jeshi kamili. Ofisa wa kudumu mmoja au wawili waliwekwa kikosini kufundisha na kusimamia, pamoja na askari wachache wa kudumu wa kulinda mitambo katikati ya wiki.

Usidhani mlango ulikuwa wazi kwa kila mtu. Aliyetaka kuwa rubani alitakiwa kwanza kupata leseni kwa fedha zake mwenyewe, kiasi cha pauni 96, ambazo angerudishiwa akishapokelewa. Hizo zilizidi mshahara wa nusu mwaka wa mfanyakazi wa kawaida wa kiwandani. Ndiyo maana marubani wa vikosi hivi walikuwa mawakili, wafanyabiashara, wenye mashamba na watoto wa matajiri. Kikosi namba 601 cha London kilifikia kuitwa kikosi cha mamilionea. Glasgow hawakufika huko, lakini rubani wao hakuwa kibarua.

Mafundi ndio waliokuwa watu wa jiji hasa, na wewe kwa kazi yako utaelewa kwa nini nawataja kabla ya marubani. Glasgow ya wakati ule iliishi kwa chuma, yaani meli, vichwa vya treni na mashine. Vijana waliojiunga na kikosi kama mafundi hawakuhitaji kufundishwa thamani ya boliti iliyokazwa sawasawa. Jambo kubwa zaidi ni kwamba hawakuhamishwa. Katika jeshi la kudumu fundi alikaa kituoni miaka michache, kisha akapelekwa Misri au India, na rubani wake vivyo hivyo. Katika 602 mtu alikaa miaka mitano, kumi, na zaidi. Rubani alimjua kwa jina na kwa tabia yule aliyemfungia injini. Mimi naamini hapa ndipo penye nusu ya jibu la swali lako la kwanza. Saa zilikuwa chache kila wiki, lakini ziliwekwa juu ya saa nyingine mwaka baada ya mwaka, kwa watu walewale. Ni kama timu ya mtaani iliyocheza pamoja tangu utotoni. Haina mwalimu wa kulipwa, ila kila mchezaji anajua mwenzake atakimbilia wapi.

Dalili ya kwanza kwamba watu hawa si wa mchezo ilionekana mbali sana na Uskoti. Mwaka 1933 kamanda wa 602 alikuwa Douglas Douglas-Hamilton, aliyejulikana kwa cheo cha ukoo, Marquess of Clydesdale. Alikuwa mbunge na bondia aliyewahi kushika ubingwa wa ridhaa wa Uskoti. Kwa fedha za bibi tajiri mmoja, Lucy Houston, uliandaliwa msafara wa kuruka juu ya mlima Everest, jambo ambalo hakuna aliyewahi kulifanya. Tarehe 3 Aprili 1933 ndege mbili za Westland zenye injini za Pegasus ziliondoka karibu na mji wa Purnea, kaskazini mwa India. Moja iliendeshwa na Clydesdale, nyingine na David McIntyre, naye wa 602. Zilikuwa ndege za chumba wazi. Marubani walivaa mavazi yanayopashwa joto kwa umeme na kuvuta oksijeni kwa mpira. Karibu na kilele upepo uliwashusha ghafla mamia ya mita. Ndani ya ndege ya McIntyre, mpiga picha Sidney Bonnett alipasukiwa mpira wa oksijeni, akaufunga kwa leso, kisha akazimia. Alizinduka ndege iliposhuka. Walipita juu ya kilele wakarudi salama. Hao walikuwa marubani wa akiba, na walifanya kazi ambayo makosa madogo ya fundi yangewaua watu wote wanne waliokuwa ndani ya ndege hizo mbili.

Clydesdale na McIntyre hawakuishia hapo. Mwaka 1935 walianzisha kampuni ya Scottish Aviation huko Prestwick, na uwanja wa kimataifa uliopo Prestwick leo ulianzia kwenye mradi wao. Mwaka 1940 Clydesdale alirithi cheo cha Duke of Hamilton. Rudolf Hess, naibu wa Hitler, aliporuka peke yake usiku wa tarehe 10 Mei 1941 na kujirusha kwa mwavuli karibu na kijiji cha Eaglesham, kusini mwa Glasgow, alikuwa akimtafuta huyuhuyu, akidhani angeweza kumfikishia ujumbe wa amani.

Turudi kwenye hesabu ya saa. Tangu 1925 hadi 1938 ndege zilibadilika taratibu: Fawn, Wapiti, Hart, Hind, Hector. Zote zilikuwa na mabawa ya juu na ya chini, na magurudumu yasiyokunjwa. Aliyeimudu moja aliimudu inayofuata kwa mazoezi ya wiki chache. Ndipo katika miezi michache mambo yakageuka. Januari 1939 kikosi kiliambiwa kwamba sasa ni kikosi cha ndege za kupigana angani, kikapewa ndege za Gauntlet. Mei 1939 zikaja Spitfire, na 602 kikawa kikosi cha kwanza cha akiba kuzipata, kabla hata ya vikosi kadhaa vya kudumu. Hebu fikiria: kutoka ndege ya kilomita kama 370 kwa saa hadi ya 570 kwa saa, bawa moja kila upande, magurudumu ya kukunja, chumba kilichofunikwa, bunduki nane za rashasha mabawani. Sura ya pua ilikuwa ndefu kiasi kwamba rubani akiwa ardhini haoni mbele. Na watu hawa walikuwa bado na ofisi za kwenda Jumatatu.

Hapa lazima nirekebishe kidogo picha uliyopewa. Mwishoni mwa Agosti 1939 vikosi vyote vya akiba viliitwa kazini. Kuanzia hapo wakili hakuwa tena na mteja, wala mkulima hakuwa na shamba la kusimamia. Walikuwa askari usiku na mchana. Hadi siku ya tukio ulilolitaja walikuwa wamefanya mazoezi ya Spitfire karibu wiki saba mfululizo, juu ya ile miezi ya kiangazi na miaka yao ya nyuma. Kwa hiyo wanaosema kwamba watu wa wikiendi walitoka ofisini moja kwa moja wakaangusha ndege wanaipamba hadithi. Kazi ya miaka ya wikiendi ilikuwa kuwafanya wawe tayari kuivaa Spitfire ndani ya miezi mitano bila kufa, na kuifanyia matengenezo bila kuitia ubovu. Kazi hiyo waliifanya vizuri.

Tarehe 16 Oktoba 1939 ilikuwa Jumatatu. 602 kilikuwa Drem, mashariki ya Edinburgh. Kikosi pacha namba 603 cha Jiji la Edinburgh, nacho cha akiba, kilikuwa Turnhouse, upande wa pili wa jiji. Asubuhi ndege za upelelezi za Kijerumani zilionekana juu ya Firth of Forth, mlango mpana wa bahari wenye bandari ya kijeshi ya Rosyth. Alasiri zikaja ndege za mabomu aina ya Junkers 88 kutoka kisiwa cha Sylt, zikiongozwa na Helmut Pohle. Shabaha waliyoitamani ilikuwa manowari kubwa, Hood, lakini walipofika waliona meli kubwa imeshaingia gatini, na amri yao ilikuwa wasipige kitu kilichofungwa nchi kavu, raia wasije wakauawa. Mambo ya mwanzo wa vita. Baadaye amri za namna hiyo zilisahauliwa pande zote. Basi wakazigeukia meli zilizotia nanga. Meli ya Southampton ilipigwa na bomu. Kwenye meli ya Mohawk mabaharia kadhaa waliuawa. Nahodha wake, Richard Jolly, alijeruhiwa vibaya, akakataa kutibiwa hadi alipoifikisha meli bandarini, kisha akafariki.

Ving'ora havikulia Edinburgh. Watu walisimama mitaani wakitazama juu, wakidhani ni mazoezi. Katikati ya hali hiyo Spitfire ziliingia. Patrick Gifford wa 603, yule wakili, kutoka mji mdogo wa Castle Douglas, aliifyatulia Junkers moja ikaanguka baharini karibu na Port Seton. Muda mfupi baadaye George Pinkerton wa 602, mkulima wa Renfrewshire, pamoja na Archie McKellar, fundi lipu, waliifukuza ndege ya Pohle mwenyewe hadi ikaanguka baharini upande wa Crail. Pohle alitolewa majini akiwa hai, akawa mfungwa. Inasimuliwa kwamba makachero wao walikuwa wamemhakikishia kuwa Uskoti haina Spitfire. Nani alitangulia, Edinburgh au Glasgow? Kwa kawaida Gifford ndiye anayepewa heshima hiyo, na watu wa Glasgow hawajaacha kubisha. Mimi naona dakika chache hazibadili kitu: ndege za kwanza za adui kuangushwa kwenye anga ya Uingereza katika vita ile ziliangushwa na vikosi viwili vya akiba. Wajerumani wawili waliokufa katika ndege ya Pohle walizikwa Portobello kwa heshima za kijeshi, wenyeji wakajipanga barabarani.

Nisimwache McKellar, kwa sababu mtu huyu ananigusa kuliko wote. Alizaliwa Paisley, baba yake ana kampuni ya ujenzi, na alimtaka mwanawe akae ofisini ashughulike na hisa. Kijana alichagua mwiko na lipu. Alikuwa mfupi sana. Alijifunza kuruka kwa fedha zake, kikosi kikamchukua. Tarehe 28 Oktoba 1939 alikuwa pia miongoni mwa walioishusha ndege ya Kijerumani aina ya Heinkel vilimani karibu na Humbie, ndege ya kwanza ya adui kuanguka kwenye ardhi ya kisiwa kikuu cha Uingereza katika vita hiyo. Mwaka uliofuata alihamishiwa kikosi kingine cha akiba, namba 605, akawa kamanda wake, na katika mapigano ya siku moja tu, tarehe 7 Oktoba 1940, alihesabiwa ndege tano. Aliuawa tarehe 1 Novemba 1940. Serikali imeweka kwamba Mapigano ya Anga ya Uingereza yaliisha tarehe 31 Oktoba, kwa hiyo jina lake halimo katika orodha rasmi ya waliokufa humo. Nadhani si haki, hata kama mpaka wa tarehe lazima uwekwe mahali.

Mtihani halisi wa 602 ulikuwa huo wa 1940. Tarehe 13 Agosti kilishuka kusini, Westhampnett, karibu na kituo cha Tangmere, kikiongozwa na Sandy Johnstone. Vikosi vingi vilikaa mstari wa mbele wiki chache vikaondolewa vikiwa vimechakaa. 602 kilibaki huko hadi Desemba. Hector MacLean alipigwa na risasi za ndege ya adui mguuni, akairudisha Spitfire yake hadi uwanjani, mguu ukakatwa. Kwa jumla vikosi 14 vya akiba vilishiriki mapigano yale, na hakuna kamanda aliyeweza tena kusema wale ni wa daraja la pili.

Lakini ushindi huo ulikula kilichouleta. Waliouawa, waliojeruhiwa na waliopandishwa vyeo wakahamishiwa kwingine walizibwa na vijana waliofunzwa na jeshi kutoka kila mahali. Katika 1941 602 kiliongozwa na Al Deere wa New Zealand, mwaka 1942 na Paddy Finucane wa Ireland, mwaka 1944 na Chris Le Roux wa Afrika Kusini. Mfaransa Pierre Clostermann naye alipigana humo. Le Roux anahusishwa na shambulio la tarehe 17 Julai 1944 lililomjeruhi Rommel, jemadari wa Kijerumani, ndani ya gari lake huko Normandy, ingawa Wakanada wana rubani wao wanayemtaja. Machi 1945 kikosi kilishambulia jengo la Shell mjini The Hague lililoaminiwa kuongoza kazi ya makombora ya V-2. Yote hayo yalifanywa kwa jina la Glasgow, lakini kikosi cha marafiki wa Renfrew kilikuwa kimekwisha tangu zamani. Mei 1945 kikavunjwa.

Sasa swali lako la pili. Mwaka 1946 602 kilianzishwa tena, katika uwanja wa Abbotsinch, kwa Spitfire. Mwanzoni hesabu ilikubali kirahisi, kwa kuwa karibu marubani wote walikuwa wametoka vitani wakiwa na mamia ya saa. Mwaka 1947 vikosi vya akiba vilipewa hadhi ya kifalme. Mwaka 1951 zilikuja Vampire, ndege za jeti za kilomita kama 880 kwa saa, na mwaka huohuo, kwa hofu ya vita ya Korea, vikosi viliitwa kazini kwa miezi mitatu. Waajiri walivumilia. Lakini miaka ilikuwa inapita. Wazoefu walizeeka, na kijana mpya alihitaji mafunzo ya muda mrefu ambayo wikiendi haziwezi kuyatoa. Jeshi la kudumu likahamia kwenye Hunter, inayokaribia kasi ya sauti. Ndege hiyo ilitaka njia ndefu, vifaa vya gharama, mafundi wa kila siku, na rubani anayeruka mara nyingi kwa mwezi asije akajiua. Kumpa Hunter mtu wa Jumamosi kulionekana hatari. Kumwachia Vampire huku Urusi ina jeti za kasi zaidi kulionekana bure. Fedha nazo zilikuwa zinapungua, na makombora yalikuwa yanaonekana kama ulinzi wa kesho. Tarehe 10 Machi 1957 vikosi vyote 20 vya ndege vya akiba vilivunjwa siku moja.

Wengi waliumia sana. Waliona wamefukuzwa na watu wa hesabu wasiojua roho ya kikosi. Mimi nawaelewa, lakini nasimama upande wa uamuzi: mwaka 1957 pengo kati ya saa walizokuwa nazo na saa zilizotakiwa lilikuwa limepita uwezo wa moyo kuliziba. Ninachoona kilikuwa kosa ni kuvunja kila kitu, pamoja na mafundi. Wale wangeweza kutumika miaka mingi. Jeshi lilikuja kulikubali hilo kwa kuchelewa: 602 kilifufuliwa mwaka 2006 kama kikosi cha kazi za ardhini, bila ndege hata moja. Uwanja wa Abbotsinch tayari ulikuwa umegeuka uwanja wa ndege wa kiraia wa Glasgow tangu 1966.

Usichukue haya kama ushahidi kwamba rubani wa akiba hawezekani katika zama za jeti. Marekani wanao hadi leo, wengi, wanaorusha ndege za kivita na za mizigo, na sehemu kubwa ya ulinzi wa anga la nchi yao iko mikononi mwa vikosi vya akiba vya majimbo. Tofauti iko kwenye saa zilezile. Wengi wao huingia wakiwa wamekwisha kutumikia jeshi la kudumu miaka kadhaa, wengi ni marubani wa mashirika ya ndege wanaoruka kila wiki kwa ajira yao, na siku wanazolipwa kuruka kijeshi ni nyingi kuliko ile wikiendi moja kwa mwezi inayotajwa kwenye karatasi. Na kwenye karakana zao utakuta idadi kubwa ya mafundi wa kudumu, wanaokaa na ndege zilezile miaka kumi au ishirini.